Maelekezo kwa juri kuhusu ushahidi wa kitaalamu

Maelekezo kwa juri kuhusu ushahidi wa kitaalamu ni maelezo ambayo jaji huwapa wajumbe wa juri ili wajue namna ya kupima maneno ya shahidi aliyeitwa mahakamani kwa sababu ya elimu au ujuzi wake. Shahidi huyo anaweza kuwa daktari, mkemia, mhandisi, mhasibu au mchunguzi wa alama za vidole. Maelekezo ya aina hii hutolewa katika nchi ambazo baadhi ya kesi huamuliwa na juri, kama vile Uingereza, Uskoti, Marekani, Kanada na Australia.

Kiini cha maelekezo hayo ni kwamba mtaalamu hutoa maoni, lakini uamuzi hubaki mikononi mwa juri. Wajumbe hawalazimiki kukubali jambo kwa sababu tu limesemwa na bingwa. Hata hivyo hawatakiwi kulikataa bila sababu. Wanatakiwa kutazama elimu ya shahidi, mambo aliyoyategemea, sababu alizozitoa, na jinsi maoni yake yanavyolingana na ushahidi mwingine wote.

Juri na shahidi mtaalamu

Juri ni kundi la raia wa kawaida wanaochaguliwa kwa bahati nasibu kusikiliza kesi. Nchini Uingereza juri ya kesi ya jinai huwa na watu 12, na huko Uskoti huwa na watu 15. Kazi imegawanyika: jaji huamua masuala ya sheria, na juri huamua ukweli wa mambo yaliyotokea. Mwishoni mwa kesi ya jinai juri husema kama mshtakiwa ana hatia au hana.

Kwa kawaida shahidi anaruhusiwa kueleza tu yale aliyoyaona, aliyoyasikia au aliyoyatenda. Haruhusiwi kutoa maoni yake kuhusu maana ya mambo hayo. Shahidi mtaalamu ni tofauti. Yeye huenda hakuwepo kabisa tukio lilipofanyika, lakini anaruhusiwa kutoa maoni kwa kuwa jambo lenyewe linahitaji ujuzi ambao watu wa kawaida hawana. Katika kesi ya Turner ya mwaka 1975, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilieleza kwamba mtaalamu hahitajiki pale ambapo wajumbe wa juri wanaweza kufikia uamuzi wao wenyewe kwa uzoefu wa kawaida wa maisha.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Mtaalamu anaitwa kwa sababu juri haina ujuzi wake, kisha juri hiyohiyo inaambiwa ipime kama maneno yake yanafaa kuaminiwa. Jaji wa Marekani Learned Hand aliandika kuhusu ugumu huo mwaka 1901. Aliuliza ni kwa namna gani watu wasio na ujuzi wanaweza kuamua kati ya wataalamu wawili wanaopingana, ilhali waliletwa kwa sababu ya upungufu huohuo wa ujuzi. Maelekezo ya jaji ni jaribio la mahakama kujibu swali hilo.

Historia

Zamani mahakama za Uingereza zilipata ujuzi kwa njia nyingine. Wakati mwingine ziliunda juri maalumu ya watu wanaoijua kazi husika, kwa mfano wafanyabiashara katika kesi za biashara. Mwanamke aliyehukumiwa kifo akidai ni mjamzito, alichunguzwa na juri ya wanawake.

Kesi inayotajwa sana kama chanzo cha ushahidi wa kitaalamu wa siku hizi ni ya Folkes dhidi ya Chadd ya mwaka 1782. Ilihusu bandari ya Wells huko Norfolk, ambayo ilikuwa ikijaa mchanga. Swali lilikuwa kama tuta lililojengwa na mwenye ardhi ndilo lililosababisha hali hiyo. Mhandisi mashuhuri John Smeaton alitoa maoni kwamba tuta halikuwa chanzo. Maoni hayo yalipokataliwa, suala lilifika kwa Lord Mansfield, naye akaamua kwamba katika jambo la kisayansi maoni ya watu wa sayansi yanaweza kupokelewa.

Mwaka 1953 mahakama ya Uskoti ilifafanua mpaka wa kazi ya mtaalamu katika kesi ya Davie dhidi ya mamlaka ya mji wa Edinburgh. Lord Cooper alieleza kwamba wajibu wa mtaalamu ni kumpa jaji au juri vigezo vya kisayansi vya kupimia usahihi wa hitimisho lake, ili wao wafikie uamuzi wao wenyewe. Kwa hiyo mtaalamu anayetamka hitimisho tu bila kueleza njia aliyopitia hajatimiza kazi yake, hata kama sifa zake ni kubwa kiasi gani. Mwaka 1993, katika kesi ya Stockwell iliyohusu ulinganishaji wa sura katika picha, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisisitiza kwamba jaji aieleze juri waziwazi kuwa haifungwi na maoni ya mtaalamu.

Kupokelewa na kupimwa

Kuna hatua mbili zinazopaswa kutofautishwa. Hatua ya kwanza ni kupokelewa: je, ushahidi huu uruhusiwe kufika mbele ya juri? Swali hili hujibiwa na jaji. Hatua ya pili ni kupimwa: ukishapokelewa, upewe uzito gani? Swali hili hujibiwa na juri, na ndilo linalohusika na maelekezo.

Nchini Marekani hatua ya kwanza ina historia ndefu. Mwaka 1923, katika kesi ya Frye, mahakama ya rufaa ya Washington ilikataa kipimo cha kutambua uongo kilichotegemea shinikizo la damu. Ilisema mbinu ya kisayansi lazima kwanza iwe imekubalika kwa ujumla miongoni mwa wanasayansi wa fani husika. Mwaka 1993 Mahakama Kuu ya Marekani ilibadilisha kipimo hicho kwa mahakama za shirikisho katika kesi ya Daubert dhidi ya Merrell Dow. Tangu hapo jaji ni kama bawabu mlangoni: hutazama kama mbinu inaweza kujaribiwa, kama imepitiwa na wanasayansi wengine, kiwango chake cha makosa ni kipi, na kama inakubalika katika fani yake. Mwaka 1999, katika kesi ya Kumho Tire, mahakama hiyo ilisema wajibu huo unahusu wataalamu wote, si wanasayansi peke yao. Kanuni ya 702 ya Kanuni za Ushahidi za Shirikisho, inayosimamia jambo hili, ilirekebishwa tena Desemba 2023 ili kusisitiza wajibu wa jaji.

Juri haipaswi kudhani kwamba ushahidi uliopita mlangoni tayari umethibitishwa na jaji kuwa kweli. Kwa sababu hiyo baadhi ya mahakama za Marekani hupendelea kutolitumia kabisa neno "mtaalamu" mbele ya juri. Badala yake husema "shahidi aliyetoa maoni", ili cheo hicho kisionekane kuwa muhuri wa mahakama.

Yaliyomo katika maelekezo

Maneno ya maelekezo hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Nchini Uingereza na Wales majaji huongozwa na kitabu kiitwacho Crown Court Compendium, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Nchini Marekani kila eneo la mahakama za rufaa za shirikisho na kila jimbo linaweza kuwa na maelekezo yake ya mfano. Huko California sheria inamlazimu jaji wa kesi ya jinai kutoa maelekezo haya kila mtaalamu anapotoa ushahidi. Pamoja na tofauti hizo, mambo makuu yanafanana:

- Sifa za shahidi. Juri hutazama elimu, mafunzo na uzoefu wake, na kama vinahusiana kweli na swali lililo mbele yake. Daktari bingwa wa moyo si lazima awe bingwa wa sumu.
- Msingi wa maoni. Mtaalamu hutegemea habari fulani, na juri lazima iamue kama habari hizo ni za kweli. Daktari akisema jeraha lilitokana na kuanguka kutoka ghorofa ya pili, lakini ushahidi ukaonyesha nyumba haina ghorofa, maoni hayo hupoteza nguvu. Mahakama Kuu ya Kanada ilieleza jambo hili mwaka 1982 katika kesi ya Abbey: kabla maoni hayajapewa uzito, mambo yanayoyabeba yathibitishwe.
- Sababu. Juri huuliza kama shahidi ameeleza jinsi alivyofika kwenye hitimisho lake, na kama maelezo hayo yalisimama imara alipoulizwa maswali ya dodoso na upande wa pili.
- Upendeleo. Juri inaweza kuzingatia ni nani aliyemwita na kumlipa mtaalamu. Nchini Uingereza kanuni za mahakama zinasema wajibu wake kwa mahakama ni mkubwa kuliko wajibu wake kwa anayemlipa.
- Mgongano wa wataalamu. Wataalamu wakipingana, juri haiambiwi ihesabu idadi yao au imfuate mwenye shahada nyingi. Inaambiwa ilinganishe sababu zao na mambo waliyoyategemea. Katika kesi ya jinai lazima pia ikumbuke kwamba upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha hatia.
- Ushahidi mwingine. Maoni ya mtaalamu ni sehemu tu ya kesi, nayo hupimwa pamoja na maneno ya mashahidi wengine na vielelezo.

Wakati mwingine wakili humuuliza mtaalamu swali la kukisia: "Ikiwa mtu alikunywa kiasi hiki cha pombe saa mbili usiku, angekuwa na hali gani saa sita?" Maelekezo huikumbusha juri kwamba jibu lina thamani ikiwa tu yale yaliyokisiwa yamethibitishwa. Vilevile askari wa upelelezi anaweza kutoa ushahidi kwa nafasi mbili, kama mtu aliyeona tukio na kama mjuzi wa mambo ya uhalifu. Hapo juri huambiwa itenganishe aliyoyaona na anayoyafikiri.

Wajumbe hukatazwa pia kufanya utafiti wao wenyewe. Nchini Uingereza na Wales, tangu sheria ya mwaka 2015, ni kosa la jinai kwa mjumbe kutafuta habari za kesi kwenye intaneti wakati kesi ikiendelea. Mjumbe ambaye hakumwelewa mtaalamu anaweza kupeleka swali kwa jaji kwa maandishi.

Tarakimu za uwezekano

Sehemu ngumu zaidi ni pale mtaalamu anapoleta tarakimu. Mfano unaojulikana sana ni wa vinasaba, yaani DNA. Tuseme mtaalamu anaeleza kwamba vinasaba vilivyokutwa mahali pa tukio vinalingana na vya mshtakiwa, na kwamba ni mtu 1 tu kati ya 1,000,000 mwenye vinasaba vya namna hiyo. Ni rahisi kudhani kwamba uwezekano wa mshtakiwa kutokuwa na hatia ni 1 kati ya 1,000,000. Dhana hiyo si sahihi, nayo huitwa kosa la mwendesha mashtaka.

Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilieleza kosa hilo mwaka 1996 katika kesi za Doheny na Adams. Ikiwa mwanamume 1 kati ya 1,000,000 ana vinasaba hivyo, basi katika Uingereza ya wakati huo kungekuwa na wanaume wapatao 26 wa namna hiyo. Mshtakiwa ni mmoja wao. Pasipo ushahidi mwingine wowote, tarakimu ile inamweka tu ndani ya kundi la watu 26. Ikiwa kuna ushahidi kwamba alikuwa karibu na mahali pa tukio, au alikutwa na mali iliyoibwa, hali hubadilika sana.

Mahakama ilielekeza kwamba mtaalamu ataje tu ni mara ngapi vinasaba hivyo vinaweza kupatikana katika jamii. Asiseme ni kwa kiasi gani mshtakiwa anaelekea kuwa ndiye mhusika, kwa maana hilo ni swali la juri. Jaji naye aieleze juri kwamba ikiukubali ushahidi wa kisayansi, mshtakiwa ni mmoja wa watu wachache wanaoweza kuwa chanzo, kisha ijiulize kama ushahidi mwingine unaipa uhakika kwamba ni yeye.

Kesi ya Sally Clark

Kesi ya Sally Clark nchini Uingereza inaonyesha madhara yanayoweza kutokea hata maelekezo yakitolewa. Clark alikuwa wakili. Wanawe wawili walifariki wakiwa wachanga, mmoja mwaka 1996 na mwingine mwaka 1998, naye akashtakiwa kuwaua. Katika kesi ya mwaka 1999 daktari bingwa wa watoto, Profesa Roy Meadow, alisema uwezekano wa vifo viwili vya ghafla vya asili katika familia kama hiyo ni 1 kati ya milioni 73. Tarakimu hiyo ilipatikana kwa kuchukua makadirio ya kifo kimoja, 1 kati ya 8,543, na kuyazidisha kwa yenyewe.

Jaji aliitahadharisha juri kwamba mahakama haimtii mtu hatiani kwa takwimu. Hata hivyo juri ilimkuta na hatia kwa kura 10 dhidi ya 2, na Clark akafungwa maisha. Rufaa yake ya kwanza ilikataliwa mwaka 2000.

Mwaka 2001 Chama cha Kifalme cha Takwimu cha Uingereza kilitangaza kwamba hesabu hiyo haikuwa na msingi. Kuzidisha namna ile kunafaa ikiwa tu vifo hivyo viwili havihusiani kwa njia yoyote, ilhali watoto wa familia moja hushiriki urithi na mazingira. Zaidi ya hayo, kifo cha asili cha watoto wawili ni jambo la nadra, lakini mama kuwaua watoto wake wawili nako ni jambo la nadra. Juri ilihitaji kulinganisha mambo hayo mawili, na haikupewa njia ya kufanya hivyo.

Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ilifuta hatia hiyo. Sababu kuu ilikuwa kwamba daktari aliyechunguza maiti hakutoa matokeo ya vipimo vya bakteria vya mtoto wa pili, lakini mahakama ilisema pia kwamba suala la takwimu huenda lingetosha kuifuta. Clark alikuwa ametumikia zaidi ya miaka 3 gerezani. Alifariki mwaka 2007.

Alama za vidole Uskoti

Mfano ulio kinyume ulitokea Uskoti. Mwaka 1997 wataalamu wa kitengo cha serikali walisema alama ya kidole iliyokutwa katika nyumba ya mauaji mjini Kilmarnock ilikuwa ya afisa wa polisi Shirley McKie. Yeye alikana kuingia humo, akashtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo. Wataalamu wawili kutoka Marekani walieleza mbele ya juri kwa nini alama hiyo haikuwa yake, na mwaka 1999 juri ilimwona hana hatia. Wajumbe walikuwa wameukataa ushahidi wa wataalamu wa serikali katika fani ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa haikosei.

Tume ya uchunguzi ilitoa taarifa yake mwaka 2011 na kuthibitisha kwamba utambuzi ule ulikuwa wa makosa. Ilipendekeza ushahidi wa alama za vidole uchukuliwe kuwa maoni, si jambo lililothibitika.

Ukosoaji na hatua za kuboresha

Lawama kuu ni kwamba maelekezo huja kwa kuchelewa. Mara nyingi jaji huyasoma mwishoni, baada ya wajumbe kumsikia mtaalamu kwa siku kadhaa na huenda wameshaamua moyoni. Maelekezo pia huwa ya jumla: kumwambia mtu apime sababu hakumfundishi jinsi ya kugundua hesabu iliyokosewa.

Lawama ya pili ni kwamba udhaifu wa fani nzima unaweza kufichika. Nchini Marekani, shirika la upelelezi FBI lilitangaza mwaka 2015 kwamba mapitio ya kesi za zamani yalikuta maelezo yenye makosa katika angalau asilimia 90 ya kumbukumbu zilizochunguzwa za ushahidi wa wataalamu wake kuhusu ulinganishaji wa nywele kwa hadubini. Wajumbe wa juri hawakuwa na njia ya kulijua hilo, hasa pale upande wa utetezi ulipokosa mtaalamu wake.

Hatua kadhaa zimechukuliwa. Majaji wengi sasa hutoa maelekezo pia kabla mtaalamu hajaanza kusema, na huwapa wajumbe nakala iliyoandikwa. Uingereza huwataka wataalamu wa pande mbili kueleza mapema wanakubaliana wapi na wanapingana wapi. Mwaka 2017 Royal Society ya London na Royal Society ya Edinburgh zilianza kutoa vijitabu vya kuwaeleza majaji misingi ya sayansi kama ile ya vinasaba.

Afrika Mashariki

Kenya, Tanzania na Uganda hazitumii juri. Wakati wa ukoloni nchini Kenya, juri ilikuwa kwa ajili ya washtakiwa Wazungu tu. Watu wengine walihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza. Wazee wa baraza hutoa ushauri, lakini jaji hafungwi na maoni yao. Kenya iliondoa utaratibu huo mwaka 2007. Nchini Tanzania wazee wa baraza walikuwa wa lazima katika kesi za jinai zinazosikilizwa na Mahakama Kuu hadi mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 yalipoondoa ulazima huo. Kabla ya hapo jaji alitakiwa kuwafanyia majumuisho ya kesi, na Mahakama ya Rufaa ilibatilisha mienendo ya kesi kadhaa kwa sababu wazee hawakuelezwa ipasavyo mambo muhimu ya kisheria. Uganda inaendelea na utaratibu wa wazee wa baraza.

Sheria za ushahidi za nchi hizi zina asili katika Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, nazo huruhusu maoni ya wataalamu katika mambo kama sayansi, sanaa, sheria za kigeni, mwandiko na alama za vidole. Kanuni ya msingi ni ileile. Taarifa ya daktari au ya Mkemia Mkuu wa Serikali haimfungi hakimu wala jaji. Tofauti ni kwamba juri hutamka uamuzi bila kueleza sababu, wakati hakimu na jaji hutakiwa kuandika katika hukumu kwa nini wameyakubali au kuyakataa maoni ya mtaalamu, na mahakama ya juu inaweza kuzipitia sababu hizo.